Watoto wa Paka Wanapofurika: Jinsi ya Kukisaidia Kituo cha Uokoaji Bila Kukiongezea Mzigo

Kituo cha kuokoa paka kinapofika katikati ya msimu wa uzazi, kitu cha kwanza kuisha huwa ni nafasi. Vizimba vimejaa, chumba cha wagonjwa kimegeuzwa wodi ya wazazi, na bado alfajiri kuna boksi limeachwa mlangoni, ndani kuna vilio. Huruma ipo tele, na fedha mara nyingine zipo. Lakini kichanga wa wiki mbili huwezi kumweka kwenye rafu asubiri zamu yake. Ndiyo maana msaada wa wakati huu naupima kwa swali moja tu: unafungua kizimba, au unakijaza?

Elewa wanatoka wapi

Paka jike huingia joto kwa kufuata urefu wa mchana. Kwenye nchi za majira manne, siku zikianza kurefuka baada ya baridi kali, majike huanza kulia usiku wakiita madume, na miezi miwili baadaye watoto wanaanza kuletwa. Wimbi hilo huendelea hadi siku zifupike tena. Karibu na ikweta, ambako mchana haubadiliki sana, paka wanaweza kuzaa mwezi wowote.

Mimba ya paka hukaa kama siku 63 hadi 67, na uzao mmoja kwa kawaida huwa na watoto watatu hadi watano. Jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne tu, umri ambao bado anakimbiza mkia wake mwenyewe, na anaweza kushika nyingine huku wale wa kwanza wangali wananyonya. Jike mmoja asiyefungwa uzazi, akisaidiwa na binti zake, anatosha kukijazia kituo chumba kizima ndani ya mwaka.

Ukikuta watoto wa paka, usiwabebe kwanza

Hapa ndipo nia njema inapoharibu mambo. Mtu anasikia vilio chini ya ngazi, anakuta watoto wanne hawana mama, anawafunga kwenye shati na kuwakimbiza kituoni. Kumbe mama alikuwa ameenda kutafuta chakula. Akirudi anakuta patupu, na kituo kimepata vichanga wanne wa kulishwa kwa chupa usiku na mchana, kazi ambayo mama yao alikuwa akiifanya bure, tena vizuri kuliko binadamu yeyote.

Waangalie kabla ya kuwagusa. Watoto walioshiba, wasafi, waliolala kimya wakiwa wamelaliana, mara nyingi mama yao yupo karibu. Kaa mbali, mbali kweli, maana hatasogea akikuona umesimama pale. Kama huna muda wa kukaa unachungulia, nyunyiza unga kidogo kuzunguka mahali walipolala, uende, kisha urudi baada ya saa chache kutafuta alama za nyayo. Watoto wachafu, wanaolia mfululizo, waliobonyea matumbo au walio baridi ukiwagusa wanahitaji mtu sasa hivi. Vivyo hivyo walio kwenye hatari ya wazi: maji yanapanda, mbwa wanazunguka, mafundi wanaanza kubomoa ukuta kesho asubuhi.

Mama akionekana, msaada mkubwa ni kumwacha aendelee na kazi. Mwekee chakula na maji, si juu ya watoto bali hatua kadhaa pembeni, ili madume na wanyama wengine wasivutwe kwenye maficho. Halafu piga simu kituoni, si kuwaambia waje wawachukue, bali kupanga nao siku ya kumchukua mama pamoja na watoto wote ili aje afungwe uzazi. Familia iliyobaki salama mahali ilipo kwa wiki chache zaidi imekiachia kituo kizimba kizima.

Uliza kabla ya kutoa

Vituo havifanani. Kimoja kina taulo mpaka dari lakini hakina dereva. Kingine kina madereva watatu na hakuna hata mtu mmoja wa kupokea simu. Kwa hiyo anza na swali fupi: "Wiki hii mmekwama wapi?" Tuma ujumbe badala ya kupiga kama unaweza, kwa sababu anayepokea simu pengine ana chupa mkono mmoja na kichanga mkono wa pili. Kama hawajakujibu siku mbili, usikasirike, kumbusha kwa upole.

Kisha ahidi kidogo. Anayesema "nitakuja kila Jumamosi saa tatu kufua" na akaja kila Jumamosi saa tatu, ana thamani kuliko anayesema "niiteni wakati wowote" na simu yake haipatikani. Kituo hupanga zamu, dawa na safari za kwa daktari kwa kutegemea maneno ya watu. Ahadi ni deni, na katika msimu huu deni hilo linalipwa na paka.

Vitu na fedha

Vinavyoisha haraka ni maziwa ya unga ya watoto wa paka, chakula laini cha watoto, mchanga wa paka, sabuni ya kufulia, klorini na glavu. Vinavyosahaulika na watoaji ni mizani ya jikoni inayosoma gramu mojamoja, bomba za sindano zisizo na sindano, chupa ndogo zenye chuchu, magazeti ya zamani, na mabeseni mafupi ambayo mtoto anaweza kuyapanda. Taulo kuukuu zinapokelewa, ila zilizochomoka nyuzi zitatupwa: uzi hujisokota kwenye mguu wa kichanga ukakata damu. Usipeleke dawa zilizofunguliwa, maziwa ya ng'ombe (yanawaharisha), wala dawa za viroboto za mbwa. Nyingi kati ya hizo zina permethrini, ambayo kwa paka ni sumu ya kuua.

Upande wa fedha, kiasi kidogo cha kila mwezi kinasaidia kuliko kikubwa cha mara moja, kwa kuwa kituo kinaweza kukiweka kwenye hesabu. Ukiona ni afadhali, uliza kama unaweza kulipa sehemu ya deni lao moja kwa moja kwa daktari wa mifugo.

Kulea kwa muda: msaada unaofungua nafasi siku hiyohiyo

Mlezi wa muda huwachukua paka nyumbani kwake kwa wiki chache mpaka wawe tayari kupata makao. Chakula, dawa na daktari mara nyingi hutoka kituoni. Wewe unatoa chumba, muda na macho.

Chagua kundi linalokufaa. Mama na watoto wake ni kazi nyepesi kuliko inavyoonekana: unamlisha mama vizuri, unasafisha, unapima uzito, mengine anayamaliza yeye. Watoto wa wiki tano hadi nane wanaokula wenyewe ndio ninaompendekezea mlezi mpya. Vichanga wa chupa waachie mtu anayeweza kuamka saa nane usiku na tena saa kumi na moja bila kukosa, kwa majuma kadhaa. Na ukipewa mtoto mmoja peke yake, omba wa pili. Anayekua bila ndugu hukosa wa kumfundisha kwamba meno yanauma, na somo hilo atakuja kulifanyia mazoezi kwenye mikono ya binadamu.

Chumba kiwe kidogo na rahisi kufuta. Bafu linafaa sana. Ziba kila upenyo unaopitisha ngumi, funika choo, ondoa nyuzi, mipira ya nywele na mifuko ya plastiki. Maua ya jamii ya lili yasiwepo kabisa nyumbani. Hata chavua yake ikilambwa inaua figo za paka.

*Joto kabla ya maziwa.* Kama utakariri jambo moja katika mwongozo huu, liwe hili. Mtoto wa wiki ya kwanza hawezi kujipa joto. Mazingira yake yanatakiwa kuwa kama nyuzi 29 hadi 32 za selisiasi. Akiwa wa baridi, utumbo wake umesimama. Maziwa utakayompa hayasagiki, au yanaingia kwenye mapafu. Kwa hiyo kichanga aliyeletwa baridi anapashwa kwanza, polepole, akiwa amefungwa kwenye kitambaa na kubebwa kifuani mwako, mpaka tumbo na kinywa vihisi uvuguvugu. Ndani ya boksi weka chupa ya maji ya moto iliyovingirishwa taulo, upande mmoja tu, ili anayeona joto limezidi aweze kutambaa kwenda upande wa pili.

*Chupa.* Koroga maziwa ya unga kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, si kwa kukisia. Yapashe mpaka tone likidondokea ndani ya kifundo cha mkono usihisi joto wala baridi, karibu nyuzi 38. Mlaze mtoto kwa tumbo juu ya taulo, kichwa kimeinuka kidogo, kama anavyokaa akimnyonya mama yake. Usimlaze chali kama mtoto wa mtu; hapo ndipo maziwa yanapoelekea mapafuni. Gusa mdomo wake kwa chuchu, subiri afungue, usisukume. Akishika sawasawa utaona kitu cha kupendeza: masikio yanacheza mbele na nyuma kwa kila anapovuta, na miguu ya mbele inakanda hewa. Masikio yakitulia huku chuchu bado imo mdomoni, huenda anatafuna tu, hanywi. Maziwa yakitoka puani, simama hapohapo, mwinamishe kichwa chini kidogo, mfute, na umweleze daktari.

Tumbo la kichanga hubeba takriban mililita 4 kwa kila gramu 100 za uzito wake kwa mlo mmoja. Wiki ya kwanza anakula kila baada ya saa mbili hadi tatu, usiku na mchana. Wiki ya pili saa tatu hadi nne. Wiki ya tatu na ya nne saa nne hadi sita. Tumbo la aliyeshiba huwa la mviringo, si gumu kama ngoma. Maziwa yaliyokorogwa yakae kwenye friji, na yakipita saa 24 yamwagwe.

*Choo.* Kabla ya wiki tatu hivi mtoto hawezi kukojoa mwenyewe, mama humlamba. Chukua pamba yenye maji ya uvuguvugu, sugua taratibu chini ya mkia kila unapomlisha mpaka akojoe. Mkojo uwe wa manjano hafifu. Ukikolea rangi, maji mwilini hayatoshi.

*Mizani.* Pima kila siku saa ileile, uandike. Mtoto huzaliwa na gramu 100 hivi, na anatakiwa kuongeza angalau gramu 10 kwa siku. Akifika wiki nane anakaribia kilo moja. Daftari lenye safu nne, yaani tarehe, uzito, alichokula na choo, litakuonyesha ugonjwa kabla jicho halijauona. Siku moja uzito ukisimama, ongeza uangalizi. Ukishuka, piga simu siku hiyohiyo.

*Dharura.* Mtoto aliyelegea, wa baridi, anayepumua kwa mdomo wazi au anayekataa chuchu hasubiri kesho. Mpashe joto, mpake maji ya sukari kidogo kwenye fizi kwa kidole, na mjulishe mtu wa kituo huku ukielekea kwa daktari. Usimpe dawa yoyote ya binadamu. Parasetamoli, hata kipande, inaua paka. Na ni heri lisemwe mapema: baadhi watakufa hata pale kila kitu kilipofanywa ipasavyo. Wapo wanaozaliwa na kasoro isiyoonekana kwa macho. Kituo chenye busara kitakupa mtu wa kuongea naye siku hiyo, na ukihitaji kupumzika msimu uliobaki, sema hivyo bila aibu.

*Kuanza kula.* Kwenye wiki ya nne changanya chakula laini na maziwa yao kwenye sahani bapa. Watakikanyaga, watakilalia, watakinusa mpaka wapige chafya. Siku ya tatu mmoja wao atagundua kwamba kinalika na wengine watamfuata. Weka pia beseni fupi la mchanga, ule usioganda ukilowa, maana watoto huuonja, na unaoganda unaweza kuziba utumbo.

*Kuzoea watu.* Kati ya wiki ya pili na ya saba akili ya mtoto iko wazi kupokea. Mshike kila siku, gusa makucha, chungulia masikio, mfungue kinywa. Asikie ufagio, redio, watoto wakicheka, mlango ukifungwa. Wa mitaani wanaokutemea mate na kukukoromea, kaa nao sakafuni, mlo utoke kwenye kijiko chako. Mchezo uwe wa kamba au unyoya, kamwe usiwe wa vidole. Paka wa kilo nne anayewinda mikono hurudishwa kituoni, na anaporudi anachukua kizimba.

Usafi, kwa ukali kidogo

Ugonjwa unaoogopwa kuliko yote vituoni ni panlukopenia. Virusi vyake hukaa kwenye sakafu na vitambaa hata mwaka mzima, na dawa nyingi za kawaida za usafi haziviui. Klorini ya kufulia huviua: sehemu 1 kwa 32 za maji, baada ya kuosha uchafu kwa sabuni kwanza, iachwe dakika 10 kabla ya kusuuzwa. Ukiruka hatua ya sabuni, klorini itamalizikia kwenye uchafu.

Paka wageni wakae mbali na wa kwako kwa siku 14 kamili, na wa kwako wawe na chanjo zao. Kuwe na nguo na kandambili za chumba kile pekee. Kama una makundi mawili, hudumia wazima kwanza, wagonjwa mwisho. Mabaka ya mviringo yasiyo na manyoya huenda ni choa, nayo huambukiza watu. Vaa glavu, mpeleke mtoto akapimwe.

Viroboto usivichukulie kama kero tu, kwani vinaweza kumnyonya mtoto damu mpaka afe. Fizi nyeupe ni dalili mbaya. Kwa mdogo mno asiyeruhusiwa dawa, muoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini ya vyombo, ukianza na mviringo wa povu shingoni ili viroboto visikimbilie usoni, kisha kitana chenye meno ya karibu, kisha mkaushe mara moja mpaka ngozini. Dawa ya minyoo kwa kawaida huanza wiki ya pili na kurudiwa kila baada ya wiki mbili, chanjo kuanzia wiki ya sita hivi. Ratiba ni ya daktari, kazi yako ni kufika siku iliyopangwa.

Kama nyumbani hapawezekani

Zipo kazi zisizopigwa picha: kufua, kuosha mabeseni, kuendesha gari saa kumi na mbili asubuhi kupeleka paka wa upasuaji, kujibu meseji, kuingiza kumbukumbu za chanjo kwenye kompyuta. Mpe mlezi aliyechoka usiku mmoja wa kulala na atakukumbuka mwaka mzima.

Watoke upesi, waende pazuri

Paka anayekaa kituoni wiki mbili zaidi kwa sababu picha yake ni mbaya amemzuilia mwingine mlango. Mpige picha karibu na dirisha, kamera ikiwa usawa wa macho yake, bila vizimba nyuma. Weusi wanahitaji kitambaa cha rangi nyepesi chini yao, la sivyo wanakuwa kivuli chenye macho. Maelezo yawe ya kweli na mahususi: "hulala ndani ya kiatu, huogopa kifyonza vumbi, hamgombanii ndugu yake chakula" inauza kuliko "mzuri na mpole". Mtoto mwoga andikwe mwoga. Pendekeza wachukuliwe wawili wawili: wanachoshana wenyewe kwa wenyewe, na kituo kinapata nafasi mbili kwa fomu moja.

Punguza wimbi lijalo

Vituo vingi huwafunga uzazi watoto wakifikisha wiki nane na uzito wa kilo moja, wakiwa wazima, kabla hawajaondoka. Ukiweza kugharimia upasuaji wa jike mmoja, huo ndio msaada wenye hesabu nzuri kuliko yote. Kwa paka wa mitaani wasiokubali kushikwa, njia ni kuwatega, kuwafunga uzazi na kuwarudisha walipotoka. Ncha ya sikio moja hukatwa wakiwa usingizini, ili aonekane kwa mbali kwamba keshahudumiwa na asitegwe tena bure.

Panga na daktari siku kabla ya kutega. Zoesha kundi kula saa maalumu, kisha siku ya kutega mtego ndio uwe na chakula pekee. Usiuache mtego peke yake hata dakika kumi. Anayenaswa huhaha na kujiumiza mpaka umfunike kwa shuka, hapo hutulia karibu mara moja. Na kabla ya kumpakia jike, angalia tumbo lake. Chuchu zilizovimba na manyoya yaliyonyonyoka kuzizunguka maana yake kuna watoto mahali. Mweleze daktari ili amtangulize kwenye foleni na arudi kwao mapema. Kufungwa uzazi hakukaushi maziwa. Wewe tumia muda huo kuwatafuta walipofichwa.